Aliyegonga Mlangoni kwa Eduvigis

Eduvigis Cálix alikuwa na mazoea ya kumalizia kazi za mchana kwa kuapiza. Akishasaga mahindi na kufagia jikoni, husimama ukingoni mwa uwanja wake, mikono kiunoni, akayatazama mapaa ya vigae ya Don Rosendo Ardón kule chini bondeni, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi dukani:

"Bikira Mama, yafagilie mbali yale. Yote. Na yeye akiwa ndani."

Hujipiga ishara ya msalaba, akarudi kuchochea maharage. Binti yake Delfina alishazoea. Wageni ndio walioshtuka.

Hakuzaliwa na roho hiyo. Zamani yeye na mumewe Abundio waliishi kule kule bondeni, kando ya Mto Chiquila, kwenye shamba la udongo mweusi ambalo hata mtu mvivu angevuna. Tatizo lilikuwa moja tu: Don Rosendo alilitaka, ili ng'ombe wake wapate njia ya kwenda kunywa maji. Hakuja kuomba. Mwaka mmoja ua wake wa seng'enge ulisogea. Mwaka uliofuata ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi yakiwa bado mabichi, wakala mpaka wakalala humo humo. Abundio alivaa shati lake la kanisani, akaenda kuzungumza naye kiungwana. Walinzi walimpiga mbele ya lango la zizi, Eduvigis akiona kutoka njiani. Don Rosendo alikuwa barazani akimenya chungwa. Hakusimama, wala hakuwaambia waache. Alilimenya mpaka mwisho, akalila.

Abundio alitema damu msimu mzima wa mvua, kisha akafa. Watu walikuwa bado wanamsalia pale nyumbani msimamizi wa Don Rosendo alipofika juu ya farasi na ujumbe: "Don Rosendo anasema kule juu Pedregal hakuna mwenyewe. Nendeni mkalime mawe." Wenzake wakacheka.

Basi mama na binti wakapanda Pedregal, wakaenda kulima mawe. Nyumba waliijenga wenyewe, jiwe juu ya jiwe. Mwili wa Abundio waliuhamishia huko, ukalala nyuma ya nyumba, maana Eduvigis alisema hamwachi mume wake kwenye ardhi ya yule mbwa. Maji waliyateka mbali, kwa sababu chemchemi ya karibu nayo ilikuwa imezungushiwa seng'enge. Kila ndoo aliyobeba kichwani ilimwongezea jambo la kumwambia Bikira.

Kisha kukaja kile kimbunga.

Mvua ilinyesha siku kadhaa bila kupumua. Honduras nzima ilikuwa chini ya maji, redio ikisema hivyo mpaka betri zilipokufa. Mto huko chini ulianza kunguruma kama malori yanayopanda mlima. Alasiri moja kilima chenyewe kikatikisika. Eduvigis alitoka mlangoni akaona banda la nguruwe likiondoka. Halikuanguka, liliondoka tu, limesimama wima, nguruwe akiwa ndani anapiga kelele, likateremka pamoja na mibuni yake yote na kipande cha mlima. Ufa ukafunguka uwanjani, ukaanza kuitafuta nyumba.

Delfina alikumbatia nguzo. Eduvigis akachukua sanamu ndogo ya Bikira wa Suyapa, isiyozidi kidole gumba, akaitia kifuani ndani ya gauni na kupiga kelele kuushinda upepo:

"Niachie mtoto huyu! Niachie na mimi nimlee! Ukituacha hai, mlango wangu sitamfungia mtu atakayegonga. Awe nani, awe nani! Naapa mbele ya mifupa ya Abundio!"

Ufa ukafika kwenye kizingiti, ukasimama.

Mtu aliyeshikwa na hofu hachagui maneno. Angepata nafasi ya kufikiri, angeweka jina moja kando.

Mvua ilipokoma asubuhi, alitoka nje akatazama chini. Hakukuwa na bonde. Kulikuwa na maji ya rangi ya kahawia kutoka kilima hiki mpaka kile, na juu yake vilele vichache vya miti. Aliyatafuta mapaa ya vigae. Alihesabu kutoka kwenye mkuyu mkubwa, kama alivyozoea, lakini hata mkuyu haukuwepo. Ndipo kicheko kilipomtoka. Kilitoka chenyewe, kikubwa, cha tumboni, akajishika mbavu.

"Mama," Delfina akamwambia. "Mama, nyamaza. Tazama upande wa kanisa."

Akatazama. Upande wa kanisa ndiko walikokaa maskini wenzake: Nicolasa rafiki yake aliyeoka mikate, Tiburcio seremala, wazee, watoto aliowapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Kanisa halikuwepo. Kicheko kilimkauka kinywani. Aliitoa ile sanamu kifuani akaiangalia kwa hasira.

"Nilisema yale," akaiambia. "Nilikuonyesha kwa kidole. Yale tu!"

Watu walianza kupanda kabla ya adhuhuri. Wa kwanza alikuwa Tiburcio na watoto wake wawili, mmoja mgongoni, mwingine shingoni. Kisha Nicolasa, peke yake. Mume wake alikuwa ameshikwa mkono, halafu hakushikwa tena. Wengine walikuja kwa magoti. Walipogonga, Eduvigis alifungua. Alichemsha mahindi yote yaliyosalia, akapika kahawa kwenye sufuria la kufulia, akachana shuka zake kufunga vidonda. Moyo wake ulikuwa umejaa shukrani hata ukamuuma. Kila aliyeingia alimwambia, "Karibu, mwanangu, hapa pako," hata kwa wale waliomzidi umri.

Jioni akaja mwanaume mmoja ambaye hakuna aliyemtambua. Alikuwa tope kuanzia utosini, miguu mitupu, macho mawili tu yakipepesa. Aligonga kizingiti kwa ngumi, mara moja, akaanguka.

"Maskini wa Mungu," akasema Eduvigis. "Delfina, lete maji ya moto!"

Alimkalisha ukutani, akamnywesha kahawa kwa kijiko huku amemshika kidevu. Kisha akachovya kitambaa, akaanza kumsafisha. Alimfuta paji la uso, akamfuta nyusi, taratibu, maana kulikuwa na jeraha. "Pole, pole, baba. Umefika. Hapa hakuna wa kukugusa." Akalifuta shavu. Akaufuta mdomo, na chini ya mdomo kukatokea kovu dogo lililopinda kama kwato.

Mkono wake ukasimama. Kovu lile alilijua. Alikuwa amelitazama kwa miaka, akilini mwake, likitafuna chungwa.

Na wengine walilitambua. Tiburcio aliinuka, akachukua panga lililokuwa nyuma ya mlango. Ndugu yake naye aliwahi kupita mikononi mwa wale walinzi.

"Mama Vigis," akasema, "sogea pembeni. Usichafue gauni lako."

"Mtupeni alikotoka," akasema Nicolasa kutoka pembeni, bila kupaza sauti. "Mto una nafasi. Mume wangu ameingia, na huyu ataenea."

Don Rosendo alipepesa macho tu. Pengine hata hakujua yuko kwa nani. Eduvigis alikuwa bado na kitambaa mkononi, maji machafu yakimtiririka mpaka kiwikoni. Wote walimtazama yeye, maana nyumba ilikuwa yake na marehemu alikuwa wake.

Hakuna aliyejua vita aliyokuwa akipigana wakati ule. Baadaye alimwambia Delfina kwamba alikuwa akimtukana Bikira, moja baada ya nyingine, matusi aliyoyajua na mengine aliyoyatunga papo hapo. Wewe mwanamke, nilikuomba umchukue, ukawachukua watu wangu, na yeye ukaniletea mlangoni nimfute uso!

"Weka panga," akasema mwishowe.

"Mama Vigis!"

"Nimesema weka. Amegonga. Niliapa." Akakitupa kile kitambaa mapajani mwa Don Rosendo. "Sehemu iliyobaki jifute mwenyewe."

Watu wakamwona mtakatifu. Hata Nicolasa, aliyetaka mtu yule atupwe, alilia akambusu mkono. Eduvigis aliuacha ubusiwe, lakini moyoni alikuwa na wazo jingine, na lilikuwa limeanza kumpasha joto kuliko kahawa. Aliapa kutomfungia mlango. Hakuapa kitu chochote kuhusu yatakayotokea ndani.

Asubuhi alimwita.

"Rosendo." Bila Don. "Njoo hapa jikoni."

Alimwonyesha jiwe la kusagia. Katika maisha yake yote Rosendo Ardón hakuwahi hata kujimwagia kahawa kikombeni.

"Hiyo ni kazi ya wanawake," akasema.

"Wanawake wana kazi ya kutafuta maiti leo. Piga magoti."

Akapiga magoti. Alisaga vibaya, mahindi yakamrukia usoni, wanawake wakasimama mlangoni kumtazama kana kwamba wameletewa sarakasi. "Tia kiuno, Don Rosendo!" akasema Nicolasa, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu amwachilie mumewe. "Hujambo kiuno? Au nacho kimekwenda na ng'ombe?" Alipomaliza kusaga, Eduvigis alimpa ndoo mbili na kumtuma chemchemi ile ile. Seng'enge yake ilikuwa bado imesimama, kwa sababu maji hayakufika kule juu. Ilibidi aipite kwa tumbo, na akarudi ameraruka mgongo.

"Waya wa nani huo?" Eduvigis akamuuliza.

Rosendo alitua ndoo chini.

"Nimeuliza, waya wa nani?"

"Wangu."

"Unauma?"

"Unauma."

"Vizuri."

Wakati wa chakula wote walikaa chini na bakuli zao. Kila mtu alipata tortiya mbili, vile vichapati vya mahindi, na maharage kidogo. Eduvigis alipofika kwa Rosendo, aliishika tortiya hewani.

"Kwanza taja jina la mume wangu."

Rosendo alimtazama. Akatazama chini. Watu waliacha kutafuna. Eduvigis akaanza kuelewa jambo ambalo hakulitegemea, jambo baya kuliko kipigo. Mtu yule hakuwa na kiburi wakati ule. Alikuwa anatafuta.

"Sikumbuki," akasema Rosendo. "Nisamehe. Sikumbuki jina."

Miaka yote ile! Kila jioni alipokuwa amesimama ukingoni mwa uwanja akimtemea laana, alidhani huko chini kuna mtu anayegeukageuka kitandani. Kumbe alikuwa analala usingizi wake wote. Abundio alikuwa kwake kitu kama nzi aliyefukuzwa mezani. Eduvigis aliona giza. Ile tortiya ilikuwa ya moto, ikamuunguza vidole, hakuisikia.

"Abundio," akasema kwa sauti iliyomtisha hata binti yake. "Abundio Cálix. Sema."

"Abundio Cálix."

"Tena."

Alimfanya aliseme mpaka likamkauka mdomoni. Kisha akampa chakula chake, tortiya mbili kamili kama wenzake, maana kumpunja kungekuwa kuvunja ahadi. Na ikawa hivyo kila mlo. Watoto wa Tiburcio waligeuza kuwa mchezo, wakawa nao wanalitaja jina kabla ya kula, wakidhani ni sala.

Maji yalipopungua watu walishuka kila siku kutafuta jamaa zao. Rosendo naye alishuka. Mke wake, Doña Amparo, alikuwa ndani ya nyumba ukuta ulipokatika. Siku moja alirudi amembeba. Alikuwa amemfunga kwenye kipande cha pazia na kumburuta mlima wote juu ya ubao wa mlango, na alipofika chini kidogo ya uwanja akasimama, akavua kitambaa alichojifunga kichwani.

"Makaburi ya chini yamekwenda," akasema. "Kote ni tope. Ukichimba, shimo linajaa maji. Udongo mkavu uko hapa tu." Akaelekeza mkono kwenye ubao. "Nakuomba mahali pa kumlaza."

Hapo Eduvigis alihisi kwamba sasa Bikira ameelewa. Hii ndiyo siku aliyokuwa akiiomba. Imechelewa tu, na imekuja kwa mlango mwingine.

"Hapa ni mawe," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema."

"Nakuomba."

"Ulininyang'anya shamba langu na la mume wangu. Ukaniachia mawe. Sasa unataka na mawe?"

"Hata pale kwenye ukingo. Hata nje ya ua."

"Hakuna ukingo wako hapa. Niliapa juu ya mlango. Juu ya ardhi sikuapa."

Akaingia ndani. Tiburcio alikuwa ameyasikia yote, akampigia makofi ya polepole. Nicolasa hakupiga. "Shoga," akasema tu, kisha akayaacha.

Rosendo hakuondoka. Alikaa pale chini ya jua kando ya maiti, na tumbusi wakaja. Kwanza mmoja, kisha kundi, wakatua juu ya mawe wakatembea kwa ule mwendo wao wa kuchechemea. Alikuwa na tawi, akawafukuza. Wakaruka, wakatua upande wa pili. Akazunguka. Eduvigis alivuta kigoda mpaka ukingoni mwa uwanja, pale pale alipozoea kusimama, akakaa kutazama. Alijiambia kwamba ataifurahia mpaka jua litue. Na alifurahia, kweli alifurahia, hakuna haja ya kumpamba. Aliona yule mtu akijikwaa, akilia kwa hasira, akirusha mawe na kukosa.

Kisha upepo ukainua lile pazia. Doña Amparo alikuwa amevaa gauni la kulalia, vifungo vimepishana, tundu la juu limeingizwa kifungo cha pili, kama mtu aliyevaa gizani kwa haraka akisikia maji. Mwanamke mnene wa makamo, unyayo mmoja una sugu. Eduvigis hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu ya kanisani. Hakujua kama ni mwema. Hakumjua hata kidogo, na alikuwa amemwombea kifo kila siku ya Mungu, yeye na kila aliyelala chini ya vigae vile, bila kujisumbua kumtenga.

Tumbusi mmoja akaruka mpaka miguuni pa maiti.

Eduvigis aliinuka. Alichukua sururu na mtaimbo, akateremka, akavitupa mbele ya Rosendo vikalia juu ya mawe.

"Chimba. Pale kwenye mti wa nanse, si karibu na mume wangu. Na mimi sikusaidii."

Alichimba mchana kutwa. Pedregal haitoi shimo bila mtu kulipigania. Mtaimbo ulitoa cheche, viganja vyake vikapasuka, na Tiburcio, aliyekuwa na mikono ya chuma, alikaa kivulini akitazama bila kunyanyua hata kidole. Eduvigis naye hakumnyanyulia. Lakini wakati ule ule alimbeba Doña Amparo yeye na Nicolasa mpaka nyuma ya jiko. Walimwosha tope, wakamchana nywele, wakamfungua vile vifungo na kuvifunga sawasawa. Kitambaa cheupe Eduvigis alichokuwa amekiweka kwa ajili ya harusi ya Delfina ndicho alichomvika.

"Mama, hicho?" Delfina akauliza.

"Nisamehe, mama," akasema Eduvigis, na Delfina alipotaka kumjibu akaona kwamba hazungumzi naye.

Wakamzika. Rosendo alitaka kumshukuru; Eduvigis akageuza mgongo kabla hajamaliza. Siku ile Rosendo alikula bila kutajishwa jina, lakini siku iliyofuata alitajishwa.

Helikopta ilipoleta unga na dawa, barabara nayo ikafunguliwa kidogo. Asubuhi moja Rosendo hakuwepo. Alikuwa ameondoka na lori la kwanza kwenda kwa kaka yake San Pedro, na hakuaga. Eduvigis aliikuta nafasi yake ukutani tupu, akapandwa na hasira ambayo hakuweza kuieleza vizuri.

"Nilikuwa sijamaliza naye," akamwambia Nicolasa. "Bado kabisa. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza."

"Ungemaliza nini, shoga? Angekwisha yeye mwenyewe."

"Ndicho nilichokuwa nataka."

Bonde lilipokauka, lile shamba lao la zamani lilikuwa chini ya mchanga mzito na magogo. Hakuna aliyelitaka tena, wala Ardón wala Cálix. Watu waliosalia walibaki juu, wakajenga kumzunguka Eduvigis, na Pedregal ikawa kijiji. Tiburcio alitengeneza milango ya nyumba zote.

Mwaka ulipotimia, Padri Leopoldo alikuja kuwasomea misa ya shukrani nje, chini ya turubai. Alisimulia habari ya mama aliyemsamehe adui yake, akamwomba Eduvigis asimame aseme neno moja juu ya msamaha. Eduvigis alisimama. Alivaa gauni jeusi na alikuwa amekunja uso.

"Padri, umedanganywa," akasema. "Mimi sikumsamehe. Nilimpa chakula kwa sababu niliapa, na nilimpa kila siku nikitamani kimkwame. Mkewe ndiye niliyemwonea huruma, na nilichelewa. Huruma ninayo kwa hawa wote mnaowaona hapa, na kwa wale tuliowazika. Namshukuru Bikira kwa kuniachia binti yangu, asubuhi na jioni namshukuru. Lakini mbele yake sisemi uongo. Yule mtu bado namchukia. Ninachoweza kumwahidi Bikira ni kwamba simwombei tena afe. Nimeona anavyojibu."

Akakaa. Padri alikohoa, akaanzisha wimbo.

Eduvigis hakujua kwamba Rosendo yuko nyuma, kwenye kona ya turubai, amevua kofia, amekonda. Alikuwa amekuja kwa ajili ya kaburi. Watu walimwona wakaacha nafasi kumzunguka, kama mtu anavyopisha kitu kilichomwagika.

Baada ya misa walipanga foleni ya tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani. Eduvigis ndiye aliyekuwa akigawa, ameinama juu ya sufuria, mvuke usoni. Aliinua macho akamkuta mbele yake, ameshika sahani ya bati kwa mikono miwili.

"Nimesikia uliyosema," akasema Rosendo.

"Niliyasema ili yasikike."

"Sikuja kudai msamaha."

"Vyema, maana haupo." Akaingiza mwiko, akatoa tamale kubwa, akaiweka kwenye sahani yake, kisha akaongeza nyingine kama alivyowapa wote. Rosendo alibaki amesimama pale pale.

"Sogea mbele, Rosendo," akasema Eduvigis. "Wenzako nyuma wana njaa."